Feni ya Kumlaza Mtoto

Baba mmoja kijana, Mkenya, alipanda teksi ya abiria wengi niliyokuwamo, mtaani Yeoville, Johannesburg, amepakata feni mpya. Alimwambia mkewe kwa simu kuwa mtoto wao, ambaye joto limemnyima usingizi siku tatu, leo atalala. Alipokata simu, mama Mkongo aliyeketi kando yake akamgusa bega. "Papa, mtoto akilala zima hiyo feni. Itamkata pumzi. Bibi Mkorea ninayemtunza Kensington ndiye aliyenifundisha."

"Mama, nimesoma fizikia. Feni inasukuma hewa, haili hewa."

"Bibi huyo Mkorea ana miaka tisini. Wewe na fizikia yako mna mingapi?"

Teksi nzima ilicheka. Sikuamini hata chembe ya imani ile, lakini nilimvulia kofia mwanamke anayempigania mtoto asiyemjua hata jina.

"Mchana nikisinzia," akaendelea, "yule bibi huzima feni, akaketi kando yangu na upepeo wa karatasi, akanipepea mpaka niamke. Mimi, mfanyakazi wake!"

Kijana akauliza: "Sasa nifanyeje? Bila feni mtoto halali."

"Fungua dirisha."

"Joburg hii? Eish, wezi watabeba feni na mtoto!"

"Basi iwashe. Lakini yeye akilala, wewe usilale."

"Mama, kesho niko kazini."

"Na yeye kesho awe wapi?"

Teksi ilisimama kwenye kona ya yule kijana. Mama yule alimshikia feni mpaka aliposhuka, kisha akampa kwa mikono miwili.