Bi. Marina Noronha: Chai Kwanza, Damu Baadaye

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kututafutia wachangia damu hapa Toronto, Bi. Marina Noronha anastaafu Ijumaa, tarehe 26 Juni. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu yeye mwenyewe ameagiza hivyo. Humu maabarani hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi, basi tumeandika.

Anti Marina, kama anavyoitwa na kila mtu, ni mzaliwa wa Nakuru, binti wa wazazi Wagoa. Alikuja Kanada akiwa msichana, akasomea uuguzi, kisha akaangukia kwetu katika kazi inayoelezeka kwa urahisi na kutendeka kwa shida. Wapo watu wachache ambao chembe sahani zao, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina protini iitwayo CD36. Wenyewe hawaumwi chochote, na wengi huishi bila kujua. Lakini mama mjamzito wa aina hiyo anaweza kubeba mtoto aliyeirithi protini hiyo kwa baba yake. Mwili wa mama ukiiona ngeni, huishambulia, na mimba inaweza kupotea. Tunatengeneza kipimo cha kuwatambua akina mama hao mapema, na hakiwezi kukamilika bila chembe sahani za watu wasio na protini hiyo. Hupatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika na Asia. Na kwa kuwa chembe hizo hazikai sana, mtu akipatikana inabidi arudi tena na tena.

Sisi wengine tulituma barua pepe zenye picha nzuri. Tulijibiwa "tutaona", na aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa maana yake. Marina hakutuma kitu. Alikwenda Unionville kwa akina Murad, familia tuliyotaka ituchangie, akanywa chai, akala chevda, akatazama picha za harusi za ukoo mzima, akaaga. Damu haikutajwa. Bosi wetu, Deanne, alipomuuliza siku nzima imekwenda wapi, alijibu kwa kuuliza, "Kwani wewe ukienda kwa watu unaanza na sindano?" Barua zake za kazi hakuzijibu. Ripoti zake zilichelewa, zikija zina mapishi ya sambusa nyuma. Mratibu wake ni mimi, Kangethe, na mvi hizi sikuzirithi.

Halafu kukaja jambo la Kirimi, ambalo yeye na shangazi yake wameniruhusu kulisimulia.

Kirimi ni kijana wa kompyuta anayeishi Scarborough. Tulimpima, tukakuta hana ile protini. Alimpigia simu mama yake Meru kumwambia, kwa fahari, kwamba damu yake ina upungufu wa nadra. Mama akasikia upungufu, akampigia wifi yake, Nkatha, aliyeko huku Scarborough. Kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa limefunga kwa maombi. Kina mama wakajaza friji yake githeri na supu ya mifupa. Mchumba wake akaitwa na wazazi wake afikirie upya. Nasi tukapigiwa simu na shangazi: "Mtoto ni mgonjwa wa damu, na bado mnataka kumtoa ingine?" Kirimi akaacha kuja.

Wakati huohuo sampuli ya mama mmoja ilikuwa imetufikia kutoka hospitalini. Alikuwa amepoteza mimba mbili, sasa ana ya tatu, na madaktari walitaka kujua kama kisa ni protini hii. Bila chembe za Kirimi hatukuwa na cha kulinganishia. Nilimwambia Marina apeleke maelezo ya kisayansi haraka. Akaenda kanisani na mandazi.

Wakati wa shukrani alisimama, yeye Mkatoliki, akasema "Bwana asifiwe", akasema Kirimi ni mzima. Alikuwa anaendelea kueleza kwamba hajawahi kuugua, lakini hakuna aliyengoja. Watu walishaanza kuimba. Kirimi alikuwa ameponywa. Nilishika kichwa.

Jumatatu Nkatha alimleta mwenyewe tuthibitishe uponyaji. Tukapima, protini bado haipo. Nilifungua mdomo nieleze habari za jeni, Marina akanitangulia: "Dada, pima na wewe." Nkatha alipimwa kwa shingo upande. Naye hana. Mama aliyezaa wanne, aliyekesha zamu za usiku kwa miaka kwenye nyumba ya wazee, ambaye hata mafua humwogopa, hana. Alicheka mpaka akatoa machozi. Siku hiyo tulipata mikono miwili badala ya mmoja. Mchumba naye amekuwa mke.

Jibu la yule mama lilipatikana, madaktari wakajua la kufanya, na mtoto akazaliwa hai. Jina lake hatulijui wala haturuhusiwi kulijua. Marina alipoambiwa, alikwenda kulia chooni, akarudi akalalamika chai imepoa.

Leo tunao wachangiaji wa kututosha, wengi wameletwa na Nkatha. Wiki hii niliwapigia mmoja mmoja kuwapa tarehe za Julai. Wote walikuwa na adabu. Wote waliuliza kama Anti Marina atakuwepo. Nilipowaambia hapana, wote wakasema tutaona.

Kwa hiyo nimenunua chevda, na Jumamosi naanza Unionville.

Anti Marina, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wageni wasioisha. Umetuudhi kwa mengi, lakini hili la kuondoka limezidi.