Mizani Anavua Kizibao

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpiga picha wetu mwandamizi tunayemwita Mizani atakabidhi kitambulisho chake pale mapokezi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo hiki cha televisheni. Ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia akiwa amevaa kamera. Nimesema kuvaa, na sijakosea. Wenzake huibeba kamera begani au huisimamisha juu ya miguu mitatu. Yeye aliivaa kama mtu anavyovaa koti, akatembea nayo, akapanda nayo ngazi, na picha ikabaki imetulia tuli.

Mliowahi kupita korido ya studio kubwa mmeiona ile mashine inayotundikwa kwenye stendi yake, tunayoiita Stedi. Ina kizibao kigumu kinachobana kifua na nyonga. Ubavuni mwa kizibao umefungwa mkono wa chuma wenye springi, na mwisho wa mkono huo kuna mlingoti mwembamba: kamera juu, betri na monita ndogo chini. Uzito wote unamshukia mvaaji mgongoni na miguuni, lakini kamera yenyewe inaelea na huongozwa kwa ncha za vidole tu. Ukiing'ang'ania inakasirika. Mimi ninayeandika haya ni mshika mkanda, yaani yule anayemfuata mpiga picha kwa nyuma, mkono kwenye mkanda wa kizibao, asije akajikwaa maana macho yake yako kwenye monita. Kwa hiyo Mizani nimemjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso, na naomba radhi kama nitamsifu kutokea upande huo.

Hakuajiriwa kwa ajili ya kamera. Aliajiriwa kwa ajili ya cherehani. Alikuja kuwa fundi wa chumba cha mavazi, akipunguza suti za watangazaji waliokonda na kuongeza za walionenepa, na hakuna hata siku moja aliyotaja nani ni nani. Siku moja kizibao cha Stedi kilikatika mkanda wa bega, kikapelekwa kwake kishonwe. Mvaaji wa wakati ule, kaka mmoja mwenye kifua kipana na maneno mengi, alipokwenda kukichukua alimkuta fundi amekivaa mwenyewe, anajigeuzageuza mbele ya kioo. Akamuuliza anafanya nini. "Natafuta kinapobana," fundi akajibu. Kwa utani kaka yule akamfungia mkono, mlingoti na kamera, akasubiri kumwona akiyumba ili apate cha kusimulia kantini. Hakuyumba. Aliizunguka meza ya kukatia vitambaa, akarudi pale aliposimama, akasema mkanda wa kushoto ni mrefu mno. Kaka yule alipohamia kazi nyingine, mwongozaji wa matangazo hakuhangaika kutangaza nafasi. Alimfuata fundi kwenye cherehani yake.

Jina la Mizani alilipata kwa sababu ya ukali wake kabla ya kazi. Alikuwa anaiweka kamera juu ya mlingoti, anaisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia, mpaka inasimama bila kuegemea popote. Kisha anaulaza mlingoti usawa wa sakafu na kuuachia. Ukidondoka upesi, chini kuna uzito mno. Ukigoma kushuka, juu kumezidi. Yeye alitaka ushuke taratibu, kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti. Akishamaliza, ole wako uguse kitu. Mtangazaji mmoja wa michezo aliwahi kubandika kikaratasi cha majina ya wachezaji chini ya monita asije akayasahau hewani. Mizani alipiga hatua mbili, akasimama, akaiuliza studio nzima, "Nani kaniongezea mzigo?" Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Kikaratasi kikabanduliwa, kazi ya kusawazisha ikaanza upya, na mgeni rasmi akasubiri huku poda ikimyeyuka usoni. Mtangazaji yule leo ni mkuu wa kitengo, na mpaka sasa akipita karibu na Stedi huiweka mikono mfukoni.

Kutembea kwake nako kulikuwa gumzo. Mtu wa Stedi hatembei kama sisi. Magoti yanakuwa laini, nyayo zinaishika sakafu kwa upole, na kichwa hakipandi wala kushuka. Mizani aliizoea hali hiyo hata akasahau mwendo wa watu wa kawaida. Shemeji yetu, mumewe, anasema hajawahi kumsikia mkewe akiingia jikoni, na ameshavunja vikombe vingi kwa kushtuka. Watoto wao wamekua wakiamini kwamba mama yao hupita ukutani. Hakuna aliyefanikiwa kula sukari kwa siri katika nyumba ile.

Kazi zake mnazikumbuka. Ni yeye aliyewatangulia wanariadha kinyumenyume katika njia nzima ya kuingilia uwanjani, mimi nikiwa nyuma yake navuta na kusukuma mkanda, pua yangu imejaa vumbi. Ni yeye aliyemfuata muuguzi mmoja katika zamu yake, kutoka wodi hadi wodi, bila kukata picha, katika ile filamu iliyokipatia kituo chetu ngao inayong'aa pale mapokezi. Ngao ina jina la kituo. Lake halipo, na sijawahi kumsikia akilalamika, ila mimi nalalamika kwa niaba yake, na ninafurahi kupata nafasi ya kufanya hivyo kwa maandishi.

Sasa nifike kwenye jambo lililomnyima usingizi mwaka huu. Mkurugenzi wetu alimwita akamweleza, kwa heshima zote, kwamba siku atakayostaafu Stedi itapelekwa stoo. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeiweza. Waliojaribu walitoka na maumivu ya mgongo na picha za kulewesha. "Kifaa kisicho na mvaaji ni fenicha," Mkurugenzi alisema, na sidhani alisema kwa ubaya. Mtunza stoo alikwisha kuhamisha viti vibovu kupisha nafasi. Mizani aliomba jambo moja tu: kama atampata mtu wa kuivaa hewani, moja kwa moja, katika fainali ya mashindano ya kwaya, Stedi ibaki studio. Mkurugenzi akakubali. Mizani alitoka ofisini mle uso umemshuka. Aliniambia wazi kwamba kustaafu hakumtishi, ila hataki kazi yake ifungiwe kwenye chumba cha viti vibovu.

Alimchagua dada wa kitengo cha taa tunayemwita Swichi. Watu waliguna. Swichi ni mfupi, mwembamba, mama wa watoto wawili, na kizibao kilipomfika mara ya kwanza ilionekana kama kizibao ndicho kilichomvaa yeye. Lakini Mizani alikuwa amemtazama kwa miaka akipanda ngazi hadi kwenye mabomba ya dari yanayotundikiwa taa, taa mkononi, hatikisiki, na hilo lilimtosha.

Mazoezi yakaanza na yakatushinda. Kila Swichi aliposimama, Stedi ilimkimbilia kushoto. Akiirudisha, inakwenda tena. Mizani alimrekebisha mabega, akamrekebisha nyonga, akambadilishia viatu. Alisawazisha kamera upya mpaka mlingoti ukawa unashuka vizuri kabisa, lakini Swichi akiivaa tu, inakwenda kushoto. Wiki zilikatika. Swichi alikuwa akimaliza mazoezi anakaa sakafuni na machozi yanamlengalenga. Mizani naye alianza kuwa mkali kupita kiasi, na siku moja akamwambia mwenzake kwamba labda mwili wake haukuumbwa kwa kazi hii. Hapo Swichi alivua kizibao, akakiweka mezani polepole, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Mizani alikibeba kizibao hadi chumba cha mavazi, akidhani tatizo ni mikanda. Akakivaa, akafunga mashine yote, akasimama mbele ya kile kioo kirefu cha mafundi. Miaka yote ile macho yake yalikuwa kwenye monita, hakuwahi kujitazama akiwa kazini. Alichokiona kikamnyong'onyeza. Alikuwa amesimama upande. Goti la kushoto lilikuwa likimsumbua kwa muda mrefu, naye bila kujua akawa anauegemeza mwili kulia. Pale mkono wa chuma unapofungwa kwenye kizibao kuna skrubu mbili zinazoamua mkono uelekee wapi. Kila Stedi ilipokuwa ikimwelemea kulia, alizigusa kidogo. Kidogo mwaka huu, kidogo mwaka uliofuata. Mashine ilikuwa imepindishwa ili ilingane na maumivu yake, na akampa mtu aliyenyooka.

Alimfuata Swichi hadi juu kabisa kwenye mabomba ya taa. Yaani alipanda zile ngazi na goti lile, sote tukiwa chini tumeshika vichwa. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi fundi cherehani mzima, nimekuvika nguo ya kipimo changu halafu nikaulaumu mwili wako." Swichi akamjibu, "Basi shuka kwanza, dada, usije ukatuangukia." Wakashuka pamoja, Swichi akitangulia na kumwongoza mguu kwenye kila kipago cha ngazi.

Mizani akachukua spana akazilegeza zile skrubu, akazirudisha sawa kwa ajili ya Swichi. Zilikuwa zimekaza, na ilibidi nisaidie. Stedi ikatulia kifuani pa Swichi siku ile ile. Baadaye, sote tulipokuwa tunakunja nyaya, Mizani alikivaa kizibao kwa mara nyingine. Kamera ikamwacha, ikaenda zake kulia. Alijaribu kuifuata, akashindwa, akaivua. "Haya," akasema, "si yangu tena." Nikampokea kizibao, nikakitundika kwenye stendi. Mkurugenzi alipopendekeza Mizani akae tayari siku ya fainali iwapo mambo yataharibika, alijibu kwamba hakuna wa akiba. Swichi akishindwa, Stedi inakwenda stoo.

Siku ya fainali picha ya kufungulia ilikuwa moja, bila kukata: kuanzia mlango wa nje, korido yote, ngazi za nyuma ya jukwaa, kupita katikati ya wanakwaya waliokuwa wakijipanga, mpaka uso wa kiongozi wa kwaya anapoinua mikono. Mimi nilikuwa nimeushika mkanda wa Swichi, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitoka jasho. Ngazini mwanakwaya mmoja alitoka msalani ghafla, akakuta kamera mbele yake, akaganda. Swichi hakukurupuka. Alipunguza mwendo, akampitia ubavuni, akampata yule mama akivuta pumzi na kulitengeneza joho lake, na watazamaji wakadhani ilipangwa.

Yaliyotokea chumba cha kuongozea matangazo nilisimuliwa na mwongozaji. Mizani alikuwa ameketi nyuma, hana kazi, kwa mara ya kwanza tangu aiache cherehani. Swichi alipofika ngazini, miguu ya Mizani ilikuwa inatembea chini ya meza. Kiongozi wa kwaya alipoinua mikono na sauti zikapanda, chumba kizima kilipiga makofi, na yeye akabaki anaukodolea macho ule ukuta wa skrini. Kisha akauliza, "Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnaona siku zote?" Mwongozaji akamwambia, "Siku zote, dada. Miaka yote." Hapo ndipo alipolia. Mkurugenzi, ambaye naye alikuwa anajifanya kusafisha miwani, akampigia simu mtunza stoo amwambie arudishe viti vyake.

Mizani, tunakushukuru. Tunamshukuru shemeji kwa kukukanda mgongo na kwa kuvumilia vikombe vilivyovunjika. Tunawashukuru watoto waliokiazima kituo hiki mama yao hata siku za mapumziko. Mimi binafsi nakushukuru kwa kuniaminia njia yote iliyokuwa nyuma yako. Najua wengi hawakubali kurudi kinyumenyume kwa neno la mtu mwingine.

Siku zako zijazo ziwe njema na ndefu. Tembea sasa upendavyo: buruta miguu, punga mikono, simama njiani upige soga, cheka mpaka mabega yatikisike. Goti lipumzike.

Jambo la mwisho, kwa mliomo humu ukumbini waraka huu unaposomwa. Tulipotafuta picha yako ya kuweka kwenye waraka huu, Mizani, tulipekua maktaba yote ya kituo, saa kwa saa za kanda, tusikuone hata mara moja, kwa kuwa kila picha nzuri ilipopigwa wewe ulikuwa nyuma yake. Ndiyo sababu Swichi hajaketi nasi leo. Anapita katikati ya meza na Stedi kifuani, na anakuja kwako. Akifika, tafadhali usimkague anavyokanyaga. Inua uso ututazame.