Maombi Juu ya Meza ya Pasi

Kitindamimba alikuwa fundi, na kazi ya kumsifu hakumwachia mtu mwingine. Shule ilimshinda mapema, au yeye ndiye aliyeishinda, inategemea unamuuliza nani, lakini suruali ikipita chini ya pasi yake mstari ulisimama wiki nzima. Dada yake mkubwa alikuwa mtu wa maombi. Tangu mama yao, dobi wa mtaa mzima, alale hoi katika chumba cha nyuma ya duka, wawili hao walikuwa hawasalimiani vizuri. Dada alitaka duka lifungwe pawe mahali pa ibada. Yeye alitaka mashine kubwa ya kufulia, na nyimbo za dada zikome saa za kazi. Asubuhi hiyo mama aliwaita, akawakalisha ukingoni mwa kitanda.

“Sikilizeni, wanangu, na wewe mdogo acha kuitazama kola ya dada yako, najua imekunjamana. Pumzi niliyobaki nayo ni ndogo, sitaimaliza kwa kuamua ugomvi. Duka hili halifungwi wala haligawanywi. Baba yenu alipofariki, mmoja wenu yuko mgongoni na mwingine kashika sketi yangu, nilikuwa mtu wa kwenda kanisani kulia, nikirudi nazikuta nguo za watu zimelowa palepale nilipoziacha. Nikamwambia Mungu, muda wa kupiga magoti sina, lakini mikono yangu itakuwa mezani kutwa, basi tukutane hapo. Tangu siku hiyo sijapiga pasi nguo ya mtu bila kumwombea mwenyewe. Nanyi nikawafundisha hivyo hivyo, kila mmoja akachukua nusu.

“Wewe mkubwa, una moyo ambao mimi niliutafuta ujana wangu wote. Lakini siku ile ulipofumba macho na kuinua mikono miwili kumwombea yule karani mteja wetu, pasi uliiacha wapi? Kifuani kwa shati lake! Ukaniambia adui amevamia. Binti yangu, adui hakuwapo, ilikuwa pasi. Nikakutuma ulirudishe kwa mkono wako, ukaenda unalia, ukamwomba radhi, na hayo ndiyo yalikuwa maombi yako mazuri kuliko yote ya wiki ile.”

Kitindamimba alicheka mpaka akapaliwa.

“Cheka, zamu yako inakuja. Mikono yako ni zawadi, nasema mbele ya dada yako usije ukadai sikuwahi kukusifu. Hata mimi sikufikii. Suruali za yule mwalimu jirani umezipiga pasi mwaka mzima. Zilipunguzwa kiuno mara ngapi?”

“Mama, mimi siangalii kiuno. Naangalia mstari.”

“Mara tatu! Mtu anakwisha mikononi mwako, wewe unasifia mstari. Dada yako ndiye aliyemuuliza, akampeleka hospitali, akamngoja huko kutwa. Leo mwalimu anatembea.”

Hapo hakucheka. Alimtazama dada yake kwa pembeni, akaona kwamba mwanamke huyu, pamoja na makelele yake yote, alikuwa anazisoma nguo kuliko yeye. Ilimuuma, na bado akamvulia kofia moyoni.

Mama alipumzika kidogo. Sauti iliporudi, ilikuwa imepungua.

“Basi pasi namwachia binti. Utaomba macho yakiwa wazi. Na wewe fundi utakaa mbele, upokee nguo, umuulize kila mtu habari za nyumbani, tena usubiri jibu. Mwaka mmoja. Baada ya hapo mpokezane. Asiyetaka, aende na baraka zangu, ila ufunguo auache. Nizikeni na gauni la kazini, ndilo Mungu alilozoea kuniona nalo. Awape mikono isiyo mivivu. Awape… roho inayomwona mtu. Msi… msiachane.”

Mlango wa duka ukagongwa. Dada alikuwa ameshapiga magoti.

“Inuka, mwanangu. Kuna mtu.”

Dada alimtazama mama, akamtazama mdogo wake, akajifuta uso na ncha ya kanga. Akaenda mbele. Wakamsikia akimkaribisha mteja, kisha akiwasha pasi.

Kitindamimba akabaki na mkono wa mama kiganjani.

“Mama, mimi kuomba sijui.”

“Nitaje tu.”

Akauinamia mkono wa mama. “Bwana, huyu ni mama yangu. Mgongo unamuuma, hasemi. Chai ikipoa hainywi. Amesimama miaka thelathini ili sisi tukae.”

Aibu ilimjaa hadi masikioni. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza.

“Endelea,” alisema, kwa sauti ndogo sana. “Kumbe unanijua.”