Leseni ya Bi Chapa

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo chetu, maprofesa wenye miwani na wasio na miwani, wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, na nyie mliofuata soda: ningewaamkia shikamoo, ila humu ndani simwoni anayeistahili kutoka kwangu.

Nina miaka sabini na mitatu. Nimedumu kuliko mashine za chapa, kuliko faksi, kuliko disketi, hata kuliko lifti ya jengo la utawala, na ile lifti ilikuja nina mvi tayari. Tarishi kama mimi hamtampata tena. Bahasha za mitihani nilizibeba kwenye mvua, shati likalowa, bahasha isilowe. Ambaye barua yake iliwahi kupotea mikononi mwangu na asimame. Mnaona? Wote mmeketi.

Mara mbili mliniandalia sherehe ya kustaafu, mara mbili nikakataa. Mlivyosema nilisikia. "Mzee anang'ang'ania kiti." Kiti gani, na mimi kazi yangu ni kutembea? Leo naondoka, basi leo nawaambia nilichokuwa naking'ang'ania. Ni leseni ya kompyuta.

Msicheke kwanza. Mke wangu, Bi Chapa, alikuwa mpiga chapa wa kitivo, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, dirisha linalotazama matangi ya maji. Profesa akimsomea maneno ya kuandika, anayeomba kupumzika ni profesa. Kompyuta zilipokuja, kila mtumishi wa ofisini alipewa yake, na ule mfumo unaoiamsha mashine, fundi anauita mfumo endeshi, ulikuwa na leseni ya chuo. Ukiwasha, kioo kinaandika "Karibu", halafu jina la mwenye mashine. Yeye akamwambia fundi, "Andika Bi Chapa. Hilo la kwenye cheti sitaliitikia."

Mimi shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Bahasha nilizijua kwa mihuri yake. Basi kila asubuhi nikipeleka barua, ananishika mkono: "Baba watoto, soma."

"Nisome nini, nina kazi."

"Soma, au chai utapika mwenyewe."

Ndivyo nilivyojifunza kusoma, ukubwani, mbele ya kioo kile. Karibu, Bi Chapa. Kwa herufi za humo nikaanza kusoma vibao vya milango, na kutoka vibao nikafika kwenye magazeti, na tangu nifike kwenye magazeti hakuna aliyenishinda kwa ubishi.

Alipofariki, mashine ilibaki mezani. Sasa leseni ya chuo ina tabia yake: inaishi kwenye waya za mtandao wa chuo. Mashine ikikaa kama nusu mwaka bila kuwashwa kwenye waya hizo, ruhusa inakufa, na badala ya salamu kioo kinaanza kukuhoji kama askari wa getini. Ningeiacha ife? Nani kati yenu angeiacha? Funguo za ghorofa ninazo mimi. Kila Jumatatu nikafungua, nikawasha, nikasoma, nikazima. Hapo ndipo wiki yangu ilipokuwa ikianza. Nyumbani, jamani, nina picha zake, lakini picha haikukaribishi. Inakutazama tu.

Mwaka juzi fundi akawa anahesabu leseni zilizo hai, akanijia.

"Mzee, huyu Bi Chapa ni nani? Anawahi kuliko wote, halafu hafanyi kazi yoyote."

"Amefanya ya kutosha. Mwache apumzike."

"Nauliza yuko wapi."

"Makaburini."

Fundi akaketi kwenye ukingo wa meza. "Na anayemwashia?"

"Mumewe."

Akanieleza kwamba leseni ni ya mtumishi aliye kazini. Akiondoka, inarudi chuoni. Nikamwambia, "Mke wangu hakuondoka, alifariki. Hayo ni mambo mawili." Akakuna kichwa. "Basi, mzee, wewe ukiwa kazini mimi sijaona kitu. Siku utakayostaafu, naifunga." Je, ningestaafu vipi?

Nimekubali kwa sababu ya katibu muhtasi wetu mpya, aliyepewa chumba kile. Mezani kwake kuna mashine mpya, nzuri, inang'aa, ile ya Bi Chapa wameisogeza pembeni wakidhani imekufa, lakini nilikuwa namwona anakwenda kuandika mihtasari ya vikao vyenu kwenye kompyuta za maktaba, anarudi na karatasi kifuani. Asubuhi moja akawahi, akanikuta nasoma kioo. Nikamweleza yote. Akasema, "Babu, ungeniambia, ningekuwa nakuwashia mwenyewe."

"Na wewe mbona unaandikia maktaba, na mashine unayo?"

"Haina leseni, babu. Za kitivo zimekwisha. Nasubiri mtu astaafu."

Hakujua alichosema. Lakini mimi nilimsikia Bi Chapa, wazi kama mnavyonisikia sasa: "Baba watoto! Umemtembeza mtoto wa watu kwa ajili ya jina langu?" Nikaenda utawala siku ileile, nikaomba kustaafu. Sikushawishiwa na mtu, msije mkajisifu.

Jumatatu hii fundi alikuja kuihamisha leseni. Nikaomba niwashe mimi. Karibu, Bi Chapa. Nikasoma polepole, kama mara ya kwanza, nikazima kwa mkono wangu. Kisha akawasha mashine ya katibu muhtasi, tukasubiri, watu wazima watatu tumeinamia kioo. Maandishi yakatokea. Jina ni la mwingine, refu, hilo nilimwachia mwenyewe alisome. Lakini neno lililotangulia nilisoma mwenyewe, na ni lilelile.

Anayedhani nimetunga, amuulize fundi, yule pale anayefuta miwani akidhani simwoni. Amuulize katibu muhtasi, ndiye aliyeyapiga chapa maneno haya, kwenye mashine yake, chumbani kwake. Funguo hizi hapa, mwanangu, njoo uzichukue. Ule mdogo ni wa dirisha. Mama yako Bi Chapa alipenda liwe wazi.

Mmenipa masikio yenu, nami nawashukuru.