Awadh Stambuli na Mlango Usiofunguka

Mimi Karisa wa Thoya, bawabu wa hoteli hii, nina miaka sabini na miwili. Nimewaona mameneja wanne wakija na wakienda, nimeliona lango la kwanza la mvule likimalizwa na mchwa, na daktari aliyeniamuru niache tumbaku tulimzika Matsangoni mwaka juzi. Nimeyataja haya ili ijulikane kwamba anayemsifu Awadh Stambuli leo si mtu wa juzijuzi. Bi Mwikali wa mapokezi, anayeipiga chapa karatasi hii, ameniomba nifupishe. Nimekataa.

Awadh anastaafu tarehe 31 Desemba 1988, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Aliingia akiwa fundi wa redio, kijana mwembamba wa Mambrui, bisibisi mfukoni na maneno mengi mdomoni. Anatoka akiwa fundi wa redio, televisheni, majokofu, kengele za vyumbani, na wa mji mzima alioujenga mwenyewe. Majokofu kila mtu anayajua. Mimi nitaeleza mji.

Mwaka 1985 chumba chetu cha michezo kilikuwa kimekufa. Mashine ya mchezo wa kupigana risasi iliyoletwa kutoka Nairobi ililiwa na hewa ya chumvi, na meza ya tenisi ikabaki ya kukunjia mashuka. Meneja wetu, Bwana Joram Thuku, akaamua chumba kiwe stoo ya magodoro. Awadh akamwendea, akamwambia atatengeneza mchezo wake mwenyewe kwa kompyuta ndogo, ile inayochomekwa kwenye televisheni na kulishwa kanda kama redio. Si mchezo wa risasi. Huu mtu anageuka mtu mwingine: unachagua kuwa mganga, mwindaji au mfinyanzi, unaingia mji wa kale ukiwa huna nguvu wala jina, na kadiri unavyowafaa watu heshima yako inapanda, mpaka siku unapokabidhiwa funguo za mji. Akauita Mji wa Milango.

Bwana Thuku ni mtu wa bara, mkali lakini mwadilifu. Alitoa fedha ya wastani, nyingi kwa hitima na chache kwa harusi, akaweka na sharti. Ikifika Pasaka chumba hakijajaa wageni, magodoro yataingia na Awadh atatoka, kazi basi. Awadh alikubali papo hapo bila hata kumshauri mkewe, na watoto wote bado wako shuleni. Nilimwambia ana wazimu. Baadaye nilimwambia mimi ndimi niliyemtia moyo, na hilo pia ni kweli.

Basi mji ukajengwa. Aliutia tamaa zote alizonazo. Katika michezo ya wenzake watu husimama kama vinyago wakikungoja, lakini watu wa Awadh walikuwa na shughuli zao: huyu kaenda msikitini, yule kisimani, mwingine sokoni. Kasoro nazo zilikuwa tele. Mbuzi walipanda ukuta wakatembea juu kwa juu. Muuza samaki aliyefariki aliendelea kuuza samaki. Na heshima yako ikizidi mno, ghafla hurudi sifuri, ukawa si mtu tena. Hilo wazee wa mtaani kwetu walisema si kasoro hata kidogo, ndivyo dunia ilivyo.

Lakini kubwa lilikuwa mlango. Kwenye mji ule huingii nyumba ya mtu hivi hivi, sharti upige hodi. Wageni wa Ulaya walipiga, hawakujibiwa. Wakapiga tena, wakapiga mpaka herufi zikafutika kwenye vibonyezo. Walisema mchezo umekufa, wakarudi kuota jua. Awadh alifungua na kufunga ile kompyuta hadi akakonda. Chumba kikawa kitupu, Pasaka ikawa wiki ijayo, na magodoro yalikwisha kufika, yamesimamishwa ukutani nje.

Ndipo Chiku wa dobi alipoingia kuchukua mashuka yake mezani. Alituona mimi na Awadh tumekodolea macho ule mlango.

"Sasa nyinyi mnagonga nini?" akauliza. "Mwenyewe hayupo."

Akaketi kwenye kiti cha Awadh bila kukaribishwa. Alipiga hodi tatu, kama alivyofunzwa na mamake, hakujibiwa, akamgeuza mganga wake akaenda zake. Alizunguka kisimani, akawaamkia watu wa sokoni, akarudi. Alipopiga hodi ya kwanza mlango ukafunguka na maneno yakatokea: Karibu ndani. Awadh alishika kichwa. Kumbe alikosea alipouunda: mwenye nyumba hatembei kurudi kwake maadamu wewe umemsimamia mlangoni. Mimi nilikuwa nakaribia kuligundua jambo hilo, Chiku aliniwahi tu.

Awadh, kwa kuwa ni fundi, alitaka kuirekebisha kasoro hiyo siku ile ile. Nilimzuia kwa mkono wangu huu.

"Ukiutengeneza, umeuharibu," nikamwambia.

Akaacha. Chiku akawekwa chumbani awafunze wageni adabu, na mambo yakabadilika. Wageni waliofahamu siri waliwacheka wasiofahamu, wasiofahamu hawakukubali kushindwa, na pwani ikabaki na ndege wake. Ijumaa Kuu Bwana Thuku alikuja kukagua, akajipenyeza katikati ya watu, akaketi awe mfinyanzi. Haikupita muda tukamsikia.

"Nani kaufunga huu mlango?"

"Baba, umepiga hodi ngapi?" Chiku akamuuliza.

Bwana Thuku akarudi kwenye vibonyezo. Aliondoka pale kitini jua likizama, na kesho yake akaamuru magodoro yapelekwe kwingine. Kufika mwisho wa mwaka hoteli za Watamu na Kikambala zilikuwa zikinunua kanda za Awadh, mbuzi wa ukutani wakiwemo, na hoteli yetu ikapata paa jipya la makuti kwa faida ile. Hata leo wageni wetu hugongeana vyumbani hodi tatu, kisha huondoka kimya kimya. Watumishi wa hoteli nyingine hushangaa.

Awadh, umetufanyia kazi kwa mikono, na kwa kichwa kigumu kinachokaribia changu. Ahsante. Nenda Mambrui ukapumzike, ule samaki waliokufa wakauzwa na walio hai. Tutakuja kukutembelea, na adabu tunaijua. Tukipiga hodi tatu usijibu, hatutausukuma mlango. Tutajua umekwenda kwenye shughuli zako, tutazunguka kisimani, tutarudi. Mungu akupe umri wa kutuitikia mara nyingi.

Anayetilia shaka maneno haya amuulize Chiku, yuko dobi kila siku isipokuwa Ijumaa. Au amuulize Bwana Thuku mwenyewe. Mfinyanzi wake bado amehifadhiwa kwenye kanda, amesimama nje ya nyumba ya muuza samaki, na ameshapiga hodi mbili.