Bi. Bilha na Zulia la Alhamisi

Ijumaa hii, tarehe 5 Juni 2026, Bi. Bilha Chebet anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika maktaba ya shule yetu ya msingi, hapa Linden, mtaa wa jiji la Columbus. Hadi leo hajapatikana mtu wa kuishika kwa kudumu saa yake ya kuwasomea watoto.

Alitoka Kericho kuja kusoma chuo Louisville, kisha akahamia Columbus akidhani atakaa mwaka mmoja. Aliajiriwa kupanga vitabu. Hakuna aliyemtuma kuwasomea watoto wadogo kila Alhamisi baada ya masomo, akiwa juu ya kiti kifupi kilichompandisha magoti karibu na kidevu, nao wakikaa zuliani mbele yake. Kwanza alionyesha picha tu. Kila mtoto alieleza anachoona, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, ndipo yeye akasoma Kiingereza.

Mimi, Florida, nilikuwa mmoja wao. Kitabu cha kwanza nilichoazima kilikuwa cha mbuzi aliyepotea. Mama alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kitabu kimoja kilisomwa na watoto kumi. Changu alikitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zetu za ukimbizi, akauweka juu ya kabati nisikichafue. Kilikaa huko wiki sita. Bi. Bilha alipanda basi akaja kukiulizia, naye Mama akakileta kwa mikono miwili, kisafi kabisa, akijivuna.

Bi. Bilha alicheka mpaka akajifuta machozi. “Mama Florida, hiki kimeshinda na njaa huko juu! Mpe mtoto akichafue.”

Mama hajui kusoma. Jioni ile alinisimulia habari za yule mbuzi picha kwa picha, na mbuzi wake alikuwa mtundu kuliko wa kitabuni.

Siku hizo zulia lilijaa. Kisha familia zikaanza kuhama, nyingi zikifuata kazi za viwandani Buffalo. Kila mtoto aliyeondoka alipewa kitabu cha njiani. Familia ya akina Muhoza ilipohama nayo, zuliani walibaki watoto wanne. Wachache sana kati ya waliohama waliwahi kumpigia simu.

Januari iliyopita, Alhamisi moja ya theluji, nilipita kurudisha kitabu. Bi. Bilha alikuwa akisoma kwa sauti, akikigeuza kitabu kulia na kushoto ili wote waone picha. Zulia lilikuwa tupu. Aliponiona alisema anafanya mazoezi. Nilivua koti nikakaa.

Nimeomba niiendeshe saa hiyo. Mwalimu mkuu amekubali hadi Krismasi. Wasipofika watoto watano, itafungwa. Mpaka sasa wamejiandikisha wawili, na mmoja ni mdogo wangu.

Bi. Bilha, asante kwa kutuacha tuchafue vitabu. Unarudi Louisville kwa dada yako, nasi tunakuombea afya, mapumziko na majirani wapenda hadithi. Kiti chako kifupi hatukihamishi. Kila Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, ujue zulia lina mtu.