Jina Lililoachwa Nje ya Fomu ya Bima

Ndugu waombolezaji, kwa ruhusa ya mjane, familia inawasomea maisha ya mume wake, fundi cherehani ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata siku ya harusi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne wa mpishi wa shule, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, na karo ya sekondari ilipokosekana, mama yake mdogo akamkalisha kwenye cherehani. Mwaka 1991 alifungua kibanda chake nyuma ya kituo cha basi, akawa mshonaji wa sare za shule, kazi inayoshibisha nyumba mwezi wa kwanza na kuiacha ikipiga miayo kuanzia wa tatu. Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2009, alipopata tenda ya shule tatu kwa mpigo, aliwakatia wote bima ya afya, na kadi yake akamwonyesha hata kinyozi. Baadaye shule zikaanza kununua sare za kiwandani, mapato yakashuka, na kwa kuwa bima hulipwa kwa kila kichwa, Januari 2021 aliliondoa jina moja kwenye fomu, lake mwenyewe, akamwambia mkewe kadi imechelewa ofisini.

Tumbo lilipoanza kumuuma Februari 2023 aliogopa hospitali, akaogopa zaidi kuulizwa kadi, na kila alipokonda alizipunguza suruali zake kibandani ili zimkae sawasawa, nasi tukamtania kwamba uzee unampenda. Tarehe 2 Oktoba mkewe aligeuza suruali ili aifue, akakuta mishono minne, mmoja ndani ya mwingine, akaenda nayo mkononi hadi kibandani. Marehemu alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, uvimbe umeshafika kwenye ini, akafariki tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na miaka 55.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani.

Mjane ameomba tuseme bila kuficha kwamba anaogopa, maana kadi zilizobaki zinaisha Desemba, na kama kuna baba hapa ambaye jina lake halimo kwenye fomu, amwambie mkewe sasa hivi, jeneza litasubiri. Pumzika kwa amani, Mzee Futi.